Viroboto na kupe kwa mbwa wetu wa Goma: dawa za asili zinazofaa, na zile za kuacha kabisa

Jirani wa Himbi (mwanzilishi wa uzi)

Jambo wandugu. Tangu mvua irudi, karibu kila parseli (kiwanja cha nyumba) ninayopita hapa Himbi naona mbwa anajikuna mpaka anatoka vidonda. Na majibu ambayo watu wanapeana mtaani yananitia hofu kuliko viroboto wenyewe. Huyu anampaka mbwa mafuta ya taa, yule anampaka vidanji (mafuta machafu ya injini) kutoka garaji, mwingine analoweka tumbaku, mwingine anamtilia vitunguu saumu kwenye bukari (ugali) kila jioni. Nimeona tuweke mambo mahali pamoja, na mwenye ujuzi zaidi asahihishe.

Dawa za kisasa sizipingi. Vidonge vya kutafuna na matone ya mgongoni vina nguvu, na kwa kupe hasa hakuna jani linaloyafikia. Lakini wengi wetu hatuna dolari za kununua kidonge kila mara, na wengine wana watoto wa mbwa walio wadogo mno kwa dawa hizo. Kwa hali hizo njia za asili zipo na zinasaidia kweli, mradi tukubali jambo moja: kazi kubwa iko sakafuni na ukutani, siyo mgongoni mwa mbwa.

Nianze na kiroboto. Wale unaowaona wakikimbia kwenye manyoya ni kama 5 kwa kila 100 walioko nyumbani kwako. Waliobaki ni mayai, mabuu na wale walio ndani ya vifuko vyao, wote wakiwa kwenye gunia la mbwa, kwenye nyufa za mbao, chini ya kitanda chako. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hata 50 kwa siku. Mayai hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka kila mahali mbwa anapojilaza au kujikung'uta. Mabuu yake hukimbia mwanga na hufa pakikauka. Sasa angalia Goma yetu: tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, hakuna joto kali, unyevu karibu mwaka mzima, na nyumba nyingi ni za mbao zilizoinuliwa kidogo juu ya mawe, chini yake giza tupu. Kiroboto hana sababu ya kuhama.

Namna ya kuhakikisha kama ni viroboto: msimamishe mbwa juu ya karatasi nyeupe, mchane kiunoni karibu na mkia. Zikidondoka chembe nyeusi, usikate shauri bado, maana vumbi letu la volkano nalo ni jeusi. Nyunyizia matone ya maji, ngoja kidogo. Vumbi litabaki jeusi. Kinyesi cha kiroboto kitaanza kuyeyuka na kutoa doa jekundu la kahawia kwenye karatasi, kwa sababu ni damu ya mbwa iliyokauka. Mwonyeshe doa hilo mtu yeyote anayesema "mbwa kujikuna ni kawaida", hatarudia.

Chombo cha kwanza ni kitana. Kile kile cha meno yaliyobanana cha kutolea chawa, utakipata sokoni Virunga au kwa wauzaji wa njiani Birere. Weka bakuli la maji yenye sabuni pembeni, chana kuanzia shingoni kwenda mkiani, kila mara chovya kitana ndani ya bakuli. Maji matupu hayafai, kiroboto ataelea na kuruka atoke. Sabuni ndiyo inayomzamisha. Hii haina sumu yoyote, mtoto wa mbwa anaiweza, mbwa mwenye mimba anaiweza. Fanya kila siku wiki za kwanza.

Kuogesha kunasaidia, na sabuni ya kawaida inatosha. Siri yake ni shingoni: kabla ya kumwagia maji mwili, zungushia shingo povu zito. Ukianzia mgongoni viroboto wote watakimbilia masikioni na usoni, mahali ambapo huwezi kusugua. Povu likae kama dakika 10, kisha suuza vizuri, umkaushe. Usimwogeshe kila siku, ngozi itakauka na muwasho utaongezeka.

Lakini ukichana na kuogesha huku gunia lake linabaki pale pale, kesho wanarudi. Malazi ya mbwa yawe kitu kinachochemshika: gunia, blanketi kuukuu. Lichemshe kila wiki, kisha lianike juani siku nzima. Kama analalia majani makavu, yachome na ubadilishe. Fagia kila siku, hasa pembeni mwa kuta na kwenye nyufa za mbao, na uchafu uende motoni, usiutupe uani. Mwenye makala (mkaa) ya kutosha achemshe maji ayamimine kwenye nyufa za sakafu na kwenye kibanda cha mbwa, maji yakiwa bado yanatokota, watoto na mbwa wakiwa nje. Maji ya moto sana yanaua yai na buu pale pale.

Kuna hatua moja ya maisha ya kiroboto inayoshinda karibu kila kitu, nayo ni kile kifuko ambamo buu anageuka kuwa kiroboto mzima. Kiroboto akiwa ndani yake amejifunika vumbi linalonata, dawa haimwingii, na anaweza kungoja miezi. Anatoka akihisi joto, mtikisiko wa nyayo na pumzi ya kiumbe. Ndiyo maana mtu akihamia nyumba iliyofungwa muda mrefu anashangaa miguu inajaa viroboto siku ya kwanza. Basi ukiona wamerudi baada ya wiki tatu usiseme njia imeshindwa. Hao ni wale waliokuwa wamelala. Endelea miezi miwili, hata mitatu, bila kulegeza.

Kujua kama unasonga mbele: usiku weka sakafuni sahani pana yenye maji na tone la sabuni, juu yake taa ndogo ya sola. Viroboto wazima watarukia mwanga na kuzama. Haimalizi tatizo, ila asubuhi utaona kama wamepungua kuliko wiki iliyopita. Nawaomba msitumie mshumaa. Sote tunajua namna moto unavyokula nyumba za mbao katika mji huu.

Sasa kupe. Hapa niwe mkali zaidi, kwa sababu kiroboto anasumbua lakini kupe anaua.

Kupe wa mbwa tunayemwona zaidi majumbani ni yule wa kahawia, Rhipicephalus sanguineus kwa jina la kitaalamu. Yeye hahitaji pori. Anaweza kuishi maisha yote ndani ya parseli yako. Mara tatu anapanda kwa mbwa kunyonya, akiwa mdogo sana, akiwa wa kati, na akiwa mzima. Kila akishiba anashuka na kujificha. Jike aliyeshiba anatafuta ufa, mara nyingi anapanda ukutani juu kabisa, na kutaga mayai elfu kadhaa kwa mara moja, kisha anakufa. Watoto wake wanaweza kukaa njaa miezi mingi wakingoja mbwa apite. Na sisi tumejenga kuta na nyuzio kwa mawe ya volkano yenye matundu, mengine yamepangwa bila saruji. Kila tundu ni nyumba. Mwenye uwezo azibe kwa saruji au hata kwa udongo ule upande ambao mbwa analala, na ahamishe kibanda mbali na ukuta. Kazi hiyo inafanyika mara moja na inazidi dawa nyingi.

Kila jioni mkague mbwa kwa vidole: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kati ya vidole vya miguu, kwenye nyonga, chini ya mkia. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja polepole, bila kuzungusha. Usimchome kwa sigara, usimpake mafuta wala petroli ukiwa na wazo kwamba atajitoa mwenyewe: ukimtesa akiwa bado ameshika, anaweza kutapika mate yake na vijidudu ndani ya mbwa wako. Mtumbukize kwenye chupa ya spiriti. Usimpasue kwa kucha, ile damu si ya kuchezea. Safisha jeraha, nawa mikono. Haraka ni muhimu, kwa sababu kupe anabeba vijidudu vya magonjwa: vile vya babesia kwa kawaida vinahitaji kupe awe amenyonya kama siku mbili ndipo vivuke, lakini vya ehrlichia vinaweza kuvuka ndani ya saa chache. Kukagua mara moja kwa wiki hakutoshi.

Nimebakiza pareto, na hapa nataka tuzungumze kwa kirefu kwa sababu ni mali ya milima yetu.

Pareto, wengine wanaita pireti, ni yale maua meupe yenye kiini cha njano. Yanapenda udongo wa volkano na baridi ya milimani. Kivu ililima pareto tangu enzi za Wabelgiji, na ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, upande wa Musanze na Nyabihu, wakulima bado wanaivuna hadi leo. Sumu yake iko kwenye ua lililokomaa na kukaushwa. Inashika mishipa ya fahamu ya mdudu na kumwangusha upesi sana, wakati mbwa, akiipata kwa kiasi kidogo, mwili wake unaivunja na kuitoa. Kati ya mimea yote inayotajwa kwa viroboto, huu ndio ambao hata viwanda vinautumia kutengeneza dawa.

Udhaifu wake ni jua. Ikipigwa na mwanga inaharibika ndani ya saa chache. Basi unga wake utumie jioni, na uuhifadhi kwenye kopo lililofungwa mahali penye giza. Unga uliokaa kwenye meza ya soko juani tangu asubuhi hauna tena nguvu, hata kama muuzaji anaapa. Mimi naunyunyiza kwenye nyufa, chini ya gunia la mbwa na kuzunguka kibanda. Kwenye mbwa mkubwa mwenye afya, chukua kidogo sana kwa ncha za vidole, upitishe kinyume cha manyoya mgongoni, mbali na macho na pua, kisha mchane. Mtu mwenye pumu asishughulike nao, unakereketa kifua. Na maji yoyote yenye pareto yasifike ziwani, samaki hawastahimili hata kidogo.

Mengine kwa ufupi. Majani ya mkaratusi, lumbalumba (rihani) na sinda (mchaichai) kwenye malazi yanafukuza kidogo kwa harufu, saa chache tu, hayaui. Maji ya ndimu vile vile, na yanawasha penye kidonda. Siki haiui kiroboto. Majivu makavu kwenye nyufa yanakausha mabuu, lakini usimpake mbwa: yakilowa yanageuka magadi yanayochoma ngozi.

Na haya naomba yaachwe leo hii. Mafuta ya taa: yanaunguza ngozi, na mbwa akijilamba yanaweza kuingia mapafuni. Vidanji: vimejaa takataka za injini, na mbwa hulamba kila kitu kilicho juu yake. Tumbaku: nikotini inapita ngozini na inaweza kuua mbwa mdogo. Mafuta makali ya mimea yanayouzwa kwenye vichupa vya urembo, hasa ya mti wa chai: matone machache yasiyochanganywa yanaweza kumletea mbwa kutetemeka na miguu kuishiwa nguvu. Kwamba kitu kimetoka shambani hakumlindi mbwa wako.

Karibuni.

Mama wa Ndosho

Aksanti sana ndugu kwa maelezo. Lakini mimi niko Ndosho, maji tunanunua kwa bidoni (dumu), mara nyingine yanakuja na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, kutoka mbali. Kumwogesha mbwa ni bidoni nzima inayokwenda, na watoto bado hawajaoga. Tena mbwa wangu amezaa, watoto wana wiki tatu tu, wamejaa viroboto mpaka tumboni, na mmoja analala tu hanyonyi vizuri. Nifanye nini?

Jirani wa Himbi

Pole mama. Huyo asiyenyonya ndiye wa kuanza naye, leo, usingoje kesho. Funua mdomo wake utazame fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, viroboto wamemnyonya damu nyingi, na mtoto wa umri huo anafariki upesi kwa kuishiwa damu. Mpeleke kwa veterineri akiwa amefunikwa, asipate baridi.

Kwa waliobaki huhitaji bidoni. Beseni dogo la maji ya uvuguvugu na sabuni laini, lita mbili tatu. Mshike mtoto mmoja, mtumbukize mpaka shingoni dakika chache tu, uso utumie kitambaa chenye maji na kitana. Msuuze, mkaushe kabisa kwa kitambaa, mweke karibu na joto kabla hujamshika wa pili. Baridi itawaua kabla ya viroboto, kwa hiyo fanya mchana. Pareto usiwapake, wala dawa yoyote ya dukani bila kuuliza, wiki tatu ni wadogo mno. Mama yao mchane mara mbili kwa siku, maana kila wanaponyonya wanapokea wapya kutoka kwake. Malazi yabadilishe kila siku, hata kama ni maboksi ya karatasi unayoyachoma asubuhi na kuweka mengine.

Kwa suala la maji, mimi nikipewa nichague kati ya kuogesha na kutumia maji yale yale kuchemshia gunia, nitachemsha gunia.

Fundi wa Mifugo

Salamu kutoka Bukavu. Mimi ni fundi wa mifugo, nimefurahi kuona mtu ametenganisha kiroboto na kupe. Naongeza mawili.

La kwanza ni utupa. Wengi watauliza, kwa sababu wafugaji wa vijijini huku Kivu wanatwanga majani yake na kuosha ng'ombe na mbuzi kwa ajili ya kupe. Ni kweli mmea huo unaua kupe. Sumu yake ni ile ile wavuvi waliyokuwa wakiitumia kulevya samaki, na ni kali kuliko pareto. Ng'ombe hajilambi mwili mzima namna mbwa anavyojilamba. Na kiasi cha sumu kwenye majani kinatofautiana sana, kuna hata miche ya utupa isiyo na sumu hiyo kabisa, kwa hiyo kipimo kilichofaa kwa jirani kinaweza kuwa bure kwako au kikazidi. Kwenye mbwa mimi siutumii. Kwenye paka usithubutu.

La pili ni dalili. Wandugu, mtu anaweza kumwondoa kupe vizuri kabisa na ugonjwa ukawa umekwisha kuingia. Babesia anaishi ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, namna malaria inavyofanya kwetu. Mbwa anapata homa, anakataa chakula, fizi zinapauka au kuwa za njano, mkojo unakuwa mweusi wa kahawia. Ehrlichia anakuja polepole: mbwa anakonda, anachoka, siku moja damu inamtoka puani, au unaona madoa mekundu tumboni. Hapo muda wa majani umekwisha. Veterineri atachukua tone la damu, mara nyingi kutoka ncha ya sikio, aliangalie kwa darubini. Dawa zipo kwa yote mawili, lakini ni tofauti: ya ehrlichia inatolewa karibu mwezi mzima, na wengi wanaikatisha wakiona mbwa ameamka na kula. Msikatishe.

Kijana wa Majengo

Mimi nitapinga kidogo kwa heshima. Babu yangu alifuga mbwa wa kuwinda miaka yote na aliwapa vitunguu saumu kwenye chakula. Mbwa wake hawakuwa na kupe. Mimi pia nampa wangu, na ana nguvu. Kwa nini mnasema ni mbaya?

Fundi wa Mifugo

Kijana, simvunjii babu heshima. Wawindaji wa zamani walikuwa wanawakagua mbwa wao kila wakirudi porini, kwa sababu mbwa ndiye aliyewaletea nyama. Mimi naamini mikono yao ndiyo iliyofanya kazi.

Kitunguu saumu na kitunguu cha kawaida vina kitu kinachoharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Kidogo leo hutaona chochote. Kila siku kwa wiki nyingi, damu inapungua taratibu. Sasa weka mbwa huyo mahali penye kupe: siku babesia akimwingia, ataanza kupasua damu ambayo tayari ni chache. Na hakuna ushahidi wa maana kwamba kupe au kiroboto anaacha kumng'ata mbwa aliyekula kitunguu saumu. Unalipa gharama bila kupata kitu. Umpe samaki wadogo badala yake, sambaza zilizokauka zisizo na chumvi, manyoya na ngozi vitakuwa vizuri.

Kijana wa Majengo

Sawa kaka, nimeelewa hiyo ya damu. Nitaacha. Na ule mkanda wa shingo wenye kitambaa kilicholowekwa mafuta ya mkaratusi?

Jirani wa Himbi

Huo nao uache. Mafuta yaliyokamuliwa ni makali mara nyingi kuliko jani, na mbwa anavuta harufu hiyo saa 24, pua yake siyo kama yetu. Ukipenda mkaratusi, weka matawi yenye majani mabichi chini ya gunia, yakikauka badilisha.

Mlushois wa Katuba

Huku Lubumbashi hali ni tofauti kidogo, niwaeleze wenzangu wa Kivu na wale wa huku wanaosoma. Sisi kiangazi chetu kinaanza mwezi wa tano mpaka wa tisa, hewa inakauka sana, na viroboto wanapungua wenyewe. Hicho ndicho kipindi cha kupiga nyumba: fagia, chemsha, ziba nyufa, wakati adui ni wachache. Watu wengi wanafanya kinyume, wanalala kiangazi chote kisha wanahangaika mvua zikianza, na kupe nao wanaibuka na majani.

Kwetu kupe wengi wanatoka kwenye nyasi. Kata nyasi za parseli ziwe fupi, acha ukanda wa udongo mtupu uliofagiwa kati ya nyasi na mahali mbwa analala. Jua likipiga udongo huo, kupe mdogo hafiki mbali.

Nina mwarobaini uani. Nachemsha majani, maji yakipoa namwosha mbwa na kumwacha akauke bila kusuuza. Wadudu wanapungua, lakini lazima nirudie mara kwa mara, na kwa kupe sijaona uwezo mkubwa. Mbegu zake zina nguvu kuliko majani, maana ndizo zenye kile kitu kinachozuia mabuu kukua. Siyo dawa ya kuangusha mara moja. Mtu akitarajia hivyo atakata tamaa.

Jambo la mwisho: hapa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) tuna kitivo cha udaktari wa mifugo. Mwenye mbwa mgonjwa Lubumbashi asipoteze wiki akijaribu majani, aulize huko.

Mama wa Ndosho

Ndugu wa Himbi, aksanti. Yule mdogo veterineri alimpa maji na chakula kwa sindano, ameanza kunyonya tena. Wengine niliwafanyia hivyo kwenye beseni, maji yalibadilika yakawa mekundu, nilishtuka sana. Kwenye kinyesi cha mama yao naona vitu vyeupe vidogo kama punje za mchele, vinatembea. Ni ya viroboto pia?

Fundi wa Mifugo

Ndiyo mama, vinahusiana. Hivyo ni vipande vya mnyoo bapa. Mbwa anaupata kwa kummeza kiroboto wakati anajitafuna. Veterineri atatoa dawa ya mnyoo huo, uliza ile inayoua minyoo bapa, maana dawa nyingi za minyoo ya kawaida haziufikii. Lakini mkiutoa mnyoo na kuacha viroboto, utarudi. Na watoto wako wa nyumbani wanawe mikono baada ya kucheza na mbwa, kwa sababu mtoto akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya naye anaweza kuupata. Hauna hatari kubwa kwao, ila si wa kuachwa.

Dada wa Katindo

Nimesoma uzi wote. Swali langu ni la paka. Nina mbwa wawili na paka mmoja, wanalala chumba kimoja. Duka la dawa za kilimo limeniuzia kopo wakasema ni pareto, nimesoma maandishi nyuma, yameandikwa permethrin. Ni kitu kile kile?

Jirani wa Himbi

Dada, usilifungue. Permethrin imetengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu ya pareto, lakini haivunjiki upesi juani, na paka hana uwezo wa kuitoa mwilini. Anaweza kutetemeka, kudegedega na kufa, hata kwa kulala karibu na mbwa aliyepakwa dawa hiyo. Tena kama kopo ni la mimea ya shambani, hata mbwa hawastahili kupakwa. Lirudishe dukani.

Kwa nyumba yenye paka, hata unga wa pareto halisi mimi nisingeupaka kwa mnyama yeyote kati yao. Baki na kitana kwa wote watatu, maji ya moto kwenye nyufa, magunia kuchemshwa. Na usimsahau paka katika hesabu: kiroboto anayesumbua mbwa wetu wengi ni yule yule wa paka, anakula kwa wote wawili bila kubagua. Ukisafisha mbwa tu, paka atakurudishia. Kama baada ya miezi miwili bado wanajaa, muulize veterineri matone ya mgongoni, paka apewe yaliyoandikwa ya paka, na kila mbwa kwa kilo zake.